Nyuma Pawe Peupe

Swalehe ni baharia wa meli ya makontena.
Ikitia nanga Asia, wenzake hushuka kununua viatu,
yeye hukodi baiskeli kufuata mahekalu.
Usiku, hapa Mikindani, mtandao ukitupa huruma,
picha zake huingia kwa kusuasua, kuanzia juu kushuka chini:
kwanza anga,
kisha ncha ya dhahabu,
kisha ngazi zilizolika kwa nyayo,
na mwisho kabisa, pembeni, mtawa mdogo
wa miaka minane hivi, anapiga mswaki.

"Umeuona mwanga ule juu ya paa?" ananiuliza.
Nimeuona. Ila jicho langu lilibaki kwenye povu
linalomdondoka mtoto kidevuni.

Mimi napiga pasipoti saizi.
Nne kwa elfu tatu, ukingoja unaondoka nazo.
Kofia vua. Masikio yaonekane. Usicheke,
serikali haipendi meno.
Na nyuma pawe peupe.

Nilikuwa na shuka. Mbuzi wa jirani alilitafuna
likiwa kambani, akaniachia pindo na vibanio viwili.
Ndipo nikahamia ukuta wa hekalu la Mabaniani,
lile la kona, lenye mlango wa msaji na kufuli la shaba,
ambalo kengele yake sijawahi kuisikia.

Ufunguo anao Bi Sikudhani, muuza vitumbua.
Swala tano hazimpiti, na kila Jumatatu
anafagia kinyesi cha popo
mbele ya miungu asiyoijua kwa majina.
Zamani pesa ya chokaa ilitoka Porbandar,
kwa binti wa mwenye duka, kila Desemba.
Mwaka wa tatu huu, haijaja.
Chokaa ananunua mwenyewe, anakoroga na chumvi, anapaka,
na mimi ananitoza mia mbili kwa kila uso.
"Mtu akikuachia ufunguo," anasema akigeuza kitumbua,
"kakuachia na mlango."
Kisha: "Leta mia mbili zangu."

Saa mbili asubuhi jua hutokea upande wa ghuba,
hupita juu ya mchanga wa uchochoro,
hurudi juu taratibu, likaingia chini ya kidevu
na kufuta kila kivuli.
Dakika arobaini tu. Hapo hata mwenye madeni anang'aa.
Saa nne likishakuwa kali, nafunga mkoba.

Jana alikuja Asumini Nandonde, mbangua korosho.
Mafuta ya maganda yamemla vidole mpaka vimekuwa laini,
mashine ya alama imemkataa mara tatu.
"Wameniambia sina vidole," akasema, akavitazama.
Basi ushahidi umebaki kwa uso.
Nikamsimamisha. Akavuta pumzi, akaishika,
kama mtu anayepita na maji kichwani penye utelezi.
Nilibonyeza mara moja. Sikurudia.

Kisha nikawaza, nikikata picha kwa mkasi:
wakulima walioandikishwa kupata salfa,
mjane wa mirathi, watahiniwa wa darasa la saba,
kichanga aliyeshikwa na mikono iliyojificha ndani ya kanga,
wote wametawanyika, Naliendele, Nanyamba, mpaka Masasi,
ndani ya bahasha, ndani ya sidiria, chini ya godoro,
na kila mmoja, bila kujua,
amebeba kipande cha hekalu
kisichozidi ukubwa wa kucha mbili.

Usiku Swalehe akaandika:
"Na lile la kwetu pale kona, hujalipiga hata siku moja?"

Nikamtumia Asumini.
Najua ilivyomfikia huko aliko, kwa kusuasua:
kwanza weupe,
weupe tena,
kisha kilemba, paji, macho yasiyoomba kitu,
mdomo uliofungwa kwa amri yangu.

Akakaa kimya kitambo.
"Hekalu liko wapi?"

"Nyuma."